Nyundo Kuukuu, Mpini Mpya

Leo nataka tuzungumze habari za nyundo.

Najua wapo watakaoguna. Nyundo nayo ina historia gani? Historia tumezoea kuisikia ya wafalme, ya vita na ya mikataba. Hata hivyo naomba univumilie, kwa maana nyundo ni miongoni mwa vitu tunavyoviona kila siku bila kuvitazama. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari, 1977, kiliweka katika bendera yake nyundo na jembe. Shuleni tukafundishwa maana yake: nyundo ni mfanyakazi, jembe ni mkulima. Mfanyakazi yuko mjini kiwandani, mkulima yuko kijijini shambani. Taratibu wengi wetu tukazoea kuamini kwamba nyundo ni chombo cha mjini, kilichoshuka melini pamoja na kiwanda, na kwamba huko kijijini kulikuwa na jembe peke yake.

Hapo ndipo penye swali la leo. Hilo jembe la kijijini, kabla ya kiwanda na kabla ya meli, lilifuliwa na nani? Na lilifuliwa kwa kitu gani, kama si nyundo?

Jibu la swali hili nitalitafuta katika milima ya Usambara, huko Lushoto, mahali ambapo watu wa mjini tunapajua zaidi kwa kabichi, karoti, matunda na baridi.

NENO NI USHAHIDI

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimeazima maneno mengi, na hakuna aibu katika hilo. Meza tumeipata kwa Wareno, sahani kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani na baiskeli kwa Waingereza. Lakini nyundo haikuazimwa. Wanyarwanda husema inyundo. Waganda husema ennyondo. Washona wa Zimbabwe husema nyundo kama sisi, na Wakongo wa upande wa bahari ya Atlantiki wana neno nzundu. Watu wanaokaa mbali namna hiyo hawakuambukizana neno juzi sokoni. Walilirithi kwa wazee wao wa kale, na neno halirithiwi likiwa tupu. Hurithiwa pamoja na kitu na kazi yake.

Ardhi nayo inatoa ushahidi. Wanaakiolojia wamekuta vigae vya vyungu vya aina iitwayo Kwale, jina lililotokana na Kwale ya Kenya, katika miteremko ya Usambara na Pare. Waliovitumia vyungu hivyo walikuwa wakulima wenye kujua chuma, na waliishi huku tangu yapata karne ya 3 baada ya Kristo. Baadaye sana, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake kule kisiwani Sicily, na humo akaandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndiyo iliyokuwa biashara yao kubwa. Kwa hiyo pwani hii ilikuwa ikiuza chuma nje karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa.

Ukisimama Usambara na kutazama ng'ambo ya bonde la Mkomazi, unaiona milima ya Pare. Huko walikuwako Washana, ukoo wa wahunzi. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, ameeleza kwamba Washana hawakuwa mafundi tu, bali ndio waliokuwa watawala wa Ugweno, mpaka Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua. Chuma cha Upareni kilitokana na mchanga mweusi mzito uliokusanywa katika vijito, ukayeyushwa kwa makaa ya miti. Wachagga wa Kilimanjaro walikinunua na kufulia mikuki yao. Mpaka leo jina la Mshana utalikuta Upareni na Usambara, na bila shaka utalikuta hata katika orodha ya wafanyakazi wa ofisi yako hapa mjini. Pengine mwenye jina hilo anashinda akiandika barua na kupiga mihuri, asijue kwamba wazee wake walikuwa wakipiga chuma.

Heshima ya mhunzi haikuwa ya Upareni peke yake. Kule Rwanda, wanaakiolojia walipolifukua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, walikuta amezikwa pamoja na nyundo za chuma. Uchaggani, mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika huko mwaka 1902, aliandika jinsi watu walivyomheshimu mhunzi na vyombo vyake, na jinsi walivyoiogopa laana yake. Nasi tumesimuliwa sana habari za Mbega, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na kuanzisha utawala wa Wakilindi pale Vuga. Watoto wanajua habari za mbwa wake na mkuki wake. Lakini mkuki haukuota shambani. Yuko mtu aliyeuchoma motoni na kuufua, na huyo watoto hawasimuliwi jina lake.

CHUMA NDANI YA MTI, MTI NDANI YA CHUMA

Sasa jambo moja litakushangaza. Nyundo za wahunzi wa kale katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa na mpini. Zilikuwa pande la chuma refu, jembamba juu na nene chini, ambalo mhunzi alilishika kwa ngumi na kutwanga nalo kama mchi. Kwa kupiga pigo kubwa la kwanza, wengine walitumia jiwe gumu.

Si kwamba wazee hawakujua kutia mpini. Shoka lilikuwa na mpini na jembe lilikuwa na mpini. Lakini utaratibu wake ulikuwa mwingine. Katika jembe la kale, mkia wa chuma ndio ulioingia katika tundu la mti. Kadiri mkulima alivyolima ndivyo chuma kilivyozidi kujikaza ndani. Nyundo ya kisasa imekwenda kinyume: mti ndio unaoingia katika tundu la chuma, na kadiri unavyopiga ndivyo kichwa kinavyotaka kuchomoka na kuruka. Ndiyo maana nyundo ya mpini inadai ujuzi mpya. Inadai kabari, na inadai kuujua mti vizuri zaidi.

Ujuzi huo mpya ulipanda Usambara pamoja na Wajerumani na reli yao. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Ulifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na kufikia mwaka 1905 garimoshi lilikuwa likisimama Mombo, chini kabisa ya milima. Juu mlimani Lushoto ilikuwa imepewa jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wa Kijerumani. Katika misitu ya Shume kampuni ya Wilkins und Wiese ilipasua mbao za mwangati na kuziteremsha Mkumbara kwa njia ya waya. Kule tambarare mkonge ulikuwa umeanza kuenea. Dokta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Reli, kiwanda cha mbao, shamba la mkonge: kila kimoja kilihitaji karakana, na kila karakana ilihitaji nyundo. Zikaja nyundo kwa masanduku kutoka Ujerumani, na baada ya Waingereza kuiteka Wilhelmstal mwaka 1916, zikaja za Uingereza. Walioshikishwa nyundo hizo walikuwa Waafrika. Wengi hawakushika kwa hiari. Kodi ya kichwa iliwasukuma, na tangu mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na utaratibu wa kipande, ambao ulimlazimisha mwanamume kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne.

Wakati huohuo yakaja majembe ya dukani. Kuyeyusha chuma kwa mchanga na makaa ni kazi ya siku nyingi na ya watu wengi. Jembe la Ulaya lilimngoja mnunuzi rafuni. Matanuri ya kuyeyushia yakazimika moja baada ya jingine, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuyaona yakiwaka.

Hapa naomba tusikosee, maana vitabu vingi huishia hapo na kusema uhunzi wetu ulikufa. Uliokufa ni uyeyushaji. Ufuaji haukufa. Mhunzi aliyekuwa akila mchanga wa kijitoni sasa akaanza kula makombo ya mkoloni. Kipande cha reli kilichotupwa kikawa fuawe. Springi ya lori iliyokatika ikawa panga. Na nyundo ya karakana iliyovunjika mpini, ikatupwa na bwana mkubwa kwenye majani, ikaokotwa na mtu aliyeona ndani yake kitu ambacho bwana mkubwa hakukiona.

Kazi haikukosekana. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, ukaja kupanuliwa Usambara nzima, na wakulima wakalazimishwa kulima matuta. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama. Mpango ule ulichukiwa hata ukavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na chuki ile iliingia katika siasa za kudai uhuru. Lakini hebu fikiri kidogo: majembe yaliyochubuliwa na mawe ya miteremko ile yalinolewa na kuungwa na nani? Hayakupelekwa Ulaya kutengenezwa.

Baada ya uhuru tulijenga viwanda vyetu. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China, na mwaka 1973 serikali ikaunda SIDO ili kuvihudumia viwanda vidogo. Ilikuwa hatua njema. Lakini ikaja shida ya mafuta, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, ikafuata vita ya Kagera, na miaka ya mwanzo ya 1980 wenye umri kama wangu tunaikumbuka kwa foleni na rafu tupu. Katika miaka ile fundi wa kijijini, ambaye mipango mikubwa ilimsahau, ndiye aliyelitia jembe pumzi.

KWA MHUNZI WA SONI

Miezi michache iliyopita nilipanda Lushoto kwa kazi ya redio. Barabara ya kutoka Mombo hupinda na kupinda ukingoni mwa korongo mpaka ufike Soni, na hapo nikateremka. Nilikuwa nimeelekezwa kwa mhunzi mmoja ambaye jina lake nalihifadhi kwa ombi lake. Nilimkuta chini ya banda la mabati. Mvukuto wake ni feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na fuawe lake ni kipande cha reli kilichosimamishwa ndani ya gogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usisimame upande huo. Cheche hazina adabu."

Pembeni ya moto palikuwa na vichwa vitatu vya nyundo, vyote vina kutu, kimojawapo kikiwa na herufi za kigeni zilizofutika nusu. Akaniambia amekinunua kwa kijana wa skrepa. "Alikuwa anakipeleka mizani. Nikamwambia, hebu nipe kwanza nikisikilize."

Nikafikiri anatania, kumbe sivyo. Akakifunga kichwa kile kwa kamba, akakining'iniza, akakigonga kwa kipande cha nondo. Kikalia kama kengele, na sauti ikadumu. Akachukua cha pili, nacho kikajibu kwa sauti fupi iliyokufa papo hapo. "Huyu ana ufa," akasema, akakitupa kando. Ufa wenyewe haukuonekana kwa macho. Nimeufanyia mtihani huo uchunguzi kwa mafundi wengine, nao wamenithibitishia kuwa ndivyo chuma kinavyopimwa.

Kisha akanionyesha kazi nzima, nami naieleza hapa kwa sababu wengi wetu tuna nyundo ya namna hiyo chini ya kitanda au nyuma ya mlango.

Kwanza, kisiki cha mpini wa zamani hutolewa kwa msumeno na tindo. Hakichomwi moto. Wengi hukichoma kwa kuwa ni rahisi, lakini uso wa nyundo umetiwa maji ili uwe mgumu, na moto huuondoa ugumu huo. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, ujue kimeshalegea. Pili, kutu huondolewa kwa kulowesha kichwa katika siki au maji ya ndimu usiku kucha, kikasuguliwa kwa brashi ya waya, kikaoshwa vizuri na kukaushwa, kisha kikapakwa mafuta ili uchachu usiendelee kukila.

Tatu ni uso. Nyundo iliyopiga miaka mingi huchanua kingo kama uyoga. Kingo hizo ni hatari, maana pigo moja laweza kuibanja cheche ya chuma ikaruka kama risasi na kumpofua mtu. Mzee aliziondoa kwa tupa na jiwe la kinoo, akikichovya kichwa majini kila mara kisipate moto. Hakuuacha uso uwe bapa kabisa. Aliuacha na mviringo mdogo, karibu usiouona, na kingo akazilainisha. "Nyundo ya seremala inapiga msumari," alinieleza, "msumari haujali kingo. Chuma cha moto ni kama ngozi ya mtoto. Ukikigusa kwa ukingo kinabaki na kovu."

MPINI

Kazi iliyobaki ni ya mti, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Darini kwa mzee, juu ya meko, kuna vijiti vimelazwa katika moshi. Vingine vimekaa huko tangu mwaka juzi. Ni vya mpera na vya mkole, miti migumu yenye kunyumbuka. Hakati mpini katika mti mbichi, kwa sababu mti mbichi ukikauka husinyaa na nyundo huchomoka. Mgrevilea uliojaa mashambani hautaki, anasema ni mwepesi kuvunjika. Na kijiti chake hupasuliwa kwa shoka badala ya msumeno. Msumeno hukata nyuzi popote unapopita, lakini shoka hufuata nyuzi zinakotaka kwenda, na mpini ambao nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho hauvunjiki upesi.

Tundu la kichwa cha nyundo nzuri si bomba lililonyooka. Ni pana juu, pana chini, na jembamba katikati, kama faneli mbili zilizogusana midomo. Mpini huingia kwa chini ukabanwa kiunoni. Kisha kabari ikipigwa kwa juu, mti hutanuka ukajaza faneli ya pili, na hapo kichwa hakina njia ya kutoka. Mtu aliyebuni tundu la namna hiyo alikuwa na akili, na mtu anayejua kulijaza ana akili vilevile.

Mzee alichonga mpini kwa kisu na kipande cha kioo. Aliufanya uwe na umbo la yai, usiwe wa duara, ili mkono ujue uso wa nyundo uko wapi hata gizani. Shingoni akaupunguza, ili mshindo wa pigo uishie kwenye mti usipande mpaka kwenye kiwiko. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikitia kichwa mpinini, akaishika nyundo kichwa kikiwa chini kinaning'inia hewani, akaanza kugonga kitako cha mpini kwa kipande cha gogo. Mimi nilidhani kichwa kitaanguka. Kumbe kila pigo kichwa kilipanda juu ya mpini kidogo, kikajikaza chenyewe. Uzito wake wenyewe ndio uliokizuia pale pale, mti ukazama ndani yake.

Akapiga kabari ya mti, akaikata sawasawa, akaongeza kabari ndogo ya chuma kwa mshazari. Nikamwuliza kama hailoweshi majini ili ikaze, kama tufanyavyo wengi wetu mjini. Akatikisa kichwa.

"Maji ni mkopo, mwanangu. Leo mti unavimba, unakaza. Ukikauka umeshajiponda wenyewe kwenye chuma, unalegea kuliko jana. Tia mafuta ya kitani, uache unywe taratibu."

Niliishika nyundo ile. Ilikuwa na uzito upatao kilo moja na robo. Kichwa chake kilifuliwa nje ya nchi, pengine kabla baba yangu hajazaliwa. Mpini wake ulikatwa nyuma ya nyumba. Nikamwuliza mzee, basi hii ni nyundo ya wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ni ya hapa. Inafua hapa."

KIPYA KINYEMI

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mjini leo ukihitaji nyundo unakwenda dukani Kariakoo. Unapewa iliyopakwa rangi nzuri, mpini unang'aa, bei ya kutupa. Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Sisemi nyundo mpya zote ni mbovu, wala za zamani zote ni njema. Nimeshaeleza jinsi moja ya zamani ilivyokutwa na ufa. Lakini nyingi za bei ya chini ni chuma cha kumimina, laini kupita kiasi au chenye kuvunjika kama biskuti, na mpini wake umeshikizwa kwa gundi na matumaini. Baada ya mwezi kichwa kinaruka, tunamshukuru Mungu hakikumpata mtoto, tunakwenda kununua nyingine.

Na ile ya babu inakwenda wapi? Inakwenda mizani. Biashara ya chuma chakavu imewapa vijana wengi riziki, nami sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini mizani haina macho. Kwenye mizani, nyundo iliyodumu tangu enzi za mkonge ina thamani sawa na bati la paa lililooza. Vinachukuliwa vyote, vinayeyushwa, vinageuka nondo. Tukio hilo si kubwa. Halitangazwi katika taarifa ya habari. Ila linapotukia kila siku katika kila kijiji, mwisho wake ni kwamba mhunzi anayetaka nyundo njema haipati, na kijana anayetaka kujifunza hana cha kushika.

Kijana mwenyewe pia ni adimu. Mzee wa Soni ana watoto wa kiume, na hakuna aliyebaki bandani. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine yuko Dar es Salaam anauza simu. Hawalaumu. "Nani atampa mke mtu mwenye masizi?" aliniuliza, akacheka. Mimi sikucheka sana. Wazee wa Washana walitawala nchi wakiwa na masizi hayohayo.

Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha kidogo njia. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kwamba mafundi wadogo wa mitaani si uchafu wa kufagiliwa, ni sehemu ya uchumi. Wao wenyewe wakajiita jua kali, na leo ukipita Kamukunji mjini Nairobi kelele za nyundo hazikuruhusu hata kusalimiana. Nasi tunayo Gerezani hapa Dar es Salaam, tunazo karakana za mitaani katika kila mji. Lakini mara nyingi habari za mafundi hao huandikwa pale tu wanapohamishwa.

Tufanye nini basi? Sina haja ya kuomba mradi mkubwa wala semina. Mamlaka ya VETA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza kazini bila kupita chuoni. Utaratibu huo ufike mpaka bandani kwa wahunzi, na mzee asipewe cheti tu, apewe na wanafunzi. Walimu wa historia wa shule za Lushoto wawapeleke watoto kwa mhunzi angalau mara moja kwa mwaka, waone jembe linavyozaliwa, ili wasije wakaamini kama tulivyoamini sisi. Na wenye maghala ya chuma chakavu, kabla ya kutupia vichwa vya nyundo, mafuawe na koleo kwenye lori, wamwite fundi mmoja avisikilize. Kichwa kizima mhunzi atakinunua kwa bei ya kushinda mizani, na wote watapata faida.

Wewe na mimi tuna kazi ndogo zaidi. Tukiwa na nyundo iliyong'oka mpini, tusiitupe. Tumtafute fundi. Tumlipe bila kumpigia bei ya kumdhalilisha, kwa kuwa anachotuuzia hakina duka.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wataalamu wa siasa walipochora nyundo upande mmoja na jembe upande mwingine, walitaka kutuonyesha watu wawili. Katika banda la Soni mtu ni mmoja. Asubuhi anafua jembe kwa nyundo, jioni analima kwa jembe hilo, na vyote viwili ametia mpini kwa mkono wake.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.